Kompyuta Inapotekwa Nyara

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu



Ndugu Mwenyekiti, uliponiandikia kuniomba niseme machache katika mkutano huu, ulisema kwamba vijana wangependa kusikia habari za kazi yangu Serikalini. Nakushukuru kwa heshima hiyo. Lakini nilikuomba ruhusa, nawe ukanikubalia, nizungumzie jambo jingine ambalo wengi wenu mmesikia uvumi wake tu. Nataka kueleza jinsi kumbukumbu za chama chetu, nilizokabidhiwa nizitunze, zilivyotekwa nyara ndani ya kompyuta ya nyumbani kwangu mwezi wa Novemba mwaka 2022. Kitu gani tulikipata tena, na kitu gani hatutakipata. Mtumishi wa umma akipotelewa na mali aliyokabidhiwa huandika maelezo. Haya ndiyo maelezo yangu.

Nitaeleza pia namna ya kulitambua janga hili na namna ya kupambana nalo, maana kila nyumba yenye kompyuta yaweza kupatwa nalo.

Mali iliyokuwamo

Wengi mnakumbuka kuwa mwaka 2019 kamati yetu iliamua kukusanya historia ya shule kabla wazee hawajatutoka. Wenzetu wanne walizunguka huku na huku na vinasa sauti, wakawahoji wanafunzi wa miaka ya mwanzo pamoja na walimu wastaafu. Zikapatikana sauti 23. Kila mzee aliombwa aanze kwa kutaja jina lake, mwaka alioingia shuleni, na bweni alilolala. Kisha aendelee na habari zake. Tulikusanya pia picha za zamani 140, tukazipitisha kwenye skana, tukawarudishia wenyewe. Tena tulikuwa na daftari la wanachama, pamoja na orodha ya sauti zile: sauti namba fulani ni ya mzee fulani.

Vyote vililetwa kwangu, maana mimi ndimi niliyekuwa katibu. Nikaviingiza katika kompyuta ya nyumbani. Zile flashi walizoniletea nilizifuta nikawarudishia, ili zifanye kazi nyingine. Kila nilipoulizwa nilijibu kwa kujivuna, "Vyote vimehifadhiwa." Kumbe nilikuwa nasema jambo nisilolijua. Kitu kilicho mahali pamoja tu bado hakijahifadhiwa.

Jinsi mambo yalivyotokea

Jumamosi moja jioni nilikuwa natayarisha kijitabu cha mkutano wetu. Nilihitaji programu ya kusahihisha nyaraka za aina ya PDF, na programu ile inauzwa. Sikutaka kuinunua. Nikatafuta katika intaneti, nikapata mahali inapotolewa bure, ikiwa imeambatanishwa na kiprogramu cha kuvunjia kufuli la mwenye mali. Maelekezo yalisema kwamba kwanza nizime kinga ya virusi, la sivyo kinga hiyo ingezuia kazi. Nami, mtu mzima mwenye shahada ya Chuo Kikuu, nikaizima kwa mkono wangu. Nikabonyeza. Hakikutokea kitu. Nikadhani imeharibika, nikaenda kula.

Baada ya chakula mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa Kidato cha Pili, alikaa kufanya kazi yake ya shule. Kikatokea kidirisha kinachosema kuwa Windows inajisahihisha, asubiri. Akasubiri, kisha akaenda kulala.

Jumapili asubuhi nilifungua kompyuta. Picha zote zilikuwa zimegeuka vijikaratasi vyeupe. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa nukta na herufi nne nisizozijua. Katika kila folda palikuwa na barua moja iitwayo _readme.txt. Ilisema kwamba mafaili yangu yote yamefungwa. Kwamba ufunguo unauzwa dola 980. Kwamba nikiwahi kabla ya saa 72 nitapunguziwa nusu, nilipe dola 490. Na kwamba wako tayari kunifungulia faili moja bure ili niwaamini.

Nilifanya makosa mawili asubuhi ile. La kwanza, nilichukua diski ya nje yenye picha za harusi yetu, nikaichomeka ili nione kama kuna kilichosalia. Virusi vilikuwa bado hai. Nikiwa nimekaa palepale, picha za harusi nazo zikafungwa.

La pili ni baya zaidi. Nilimwita mwanangu, nikamkaripia mbele ya mama yake kwa ajili ya michezo yake ya kompyuta. Alikana, nikamwita mwongo. Siku ya pili fundi alipokuja, alitazama tarehe na saa za mafaili, akauliza, "Mzee, hii programu iliingia juzi saa kumi na mbili na nusu jioni. Nani alikuwa hapa?" Nilikuwa mimi. Mwanangu alikaa pale saa mbili usiku. Nilimwomba radhi siku ileile, na leo narudia mbele yenu.

Virusi hivi ni kitu gani?

Wataalamu huviita ransomwea. Mimi nitaviita virusi vya utekaji, maana kazi yake ni ileile ya mteka nyara: kukamata kilicho chako na kudai fidia.

Ninyi mliolala bweni hapa mtaelewa upesi. Kila mmoja wetu alikuwa na tranka lake na kufuli lake. Mwizi wa kawaida huvunja kufuli akachukua sukari na sabuni. Mwizi huyu hachukui kitu. Huja na kufuli lake, kubwa kuliko lako, akalipachika juu ya tranka, kisha akakuachia karatasi: ukitaka ufunguo, lipa. Tranka ni lako, liko chini ya kitanda chako, lakini halikufai kitu. Kufuli lenyewe si la chuma. Ni la hesabu. Mafaili yamevurugwa kwa kutumia namba ndefu mno, na asiye na namba hiyo hawezi kuyarudisha katika hali yake, hata akijaribu kwa miaka mingi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa biolojia kutoka Marekani, Joseph Popp, ambaye aliwahi kuchunguza nyani huku Afrika Mashariki, alihusishwa na diski zipatazo 20,000 zilizotumwa kwa posta nchi mbalimbali. Diski hizo zilidai kutoa maarifa juu ya ugonjwa wa UKIMWI. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa, na mwenye kompyuta akatakiwa apeleke dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Kufuli la Popp lilikuwa dhaifu, na dawa yake ilipatikana upesi. Lakini njia ilikuwa imeonyeshwa.

Mwaka 2013 ikaja CryptoLocker, iliyotumia kufuli madhubuti na kudai fedha za intaneti ziitwazo bitcoin, ambazo ni vigumu kumjua mpokeaji wake. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ikaenea katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza maelfu ya wagonjwa walifutiwa miadi ya hospitali. Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft walikuwa wamekwisha kutoa masahihisho ya kuziba tundu lile mwezi Machi mwaka uleule, miezi miwili kabla. Waliopuuza masahihisho ndio waliopatwa.

Virusi vilivyoingia kwangu huitwa STOP, au Djvu. Vilianza kuonekana mwaka 2018. Havikuwinda mabenki wala hospitali. Viliwinda watu wa kawaida majumbani, hasa wale wanaotafuta programu za wizi. Kwa maneno mengine, viliniwinda mimi.

Dalili zake

Kwanza, kompyuta inakuwa nzito ghafla, feni inavuma na taa ya diski inamwekamweka ingawa hufanyi kazi yoyote. Kufunga mafaili elfu nyingi ni kazi kubwa, na mashine huonyesha kuchoka.

Pili, kinatokea kidirisha cha masahihisho usichokitarajia, hasa mara baada ya kuweka programu mpya. Kile alichokiona mwanangu kilikuwa cha uongo. Kiliwekwa ili asishangae kwa nini mashine inahangaika.

Tatu, kinga ya virusi imezimika yenyewe, au kurasa za makampuni ya kinga zinakataa kufunguka huku kurasa nyingine zinafunguka.

Nne, majina ya mafaili yameongezewa mkia usioujua, nayo hayafunguki. Tano, kuna barua ya kudai fedha. Ukifika hapo huhitaji tena kuuliza.

Lakini jihadharini na kitu kimoja. Wakati mwingine ukurasa wa intaneti hujaza kioo kizima kwa maneno ya vitisho, labda kwa jina la polisi, ukidai ulipe faini. Huo aghalabu ni utapeli mtupu. Funga programu ya intaneti au zima na kuwasha mashine, kisha tazama mafaili yako. Yakifunguka kama kawaida na majina yake hayakubadilika, hujatekwa, umetishwa tu.

La kufanya

Nayataja kwa utaratibu, na ningependa vijana wayaandike.

1. Kata mawasiliano mara moja. Zima waifai, chomoa waya wa intaneti, chomoa flashi na diski za nje. Usichomeke kitu kingine chochote, kama nilivyofanya mimi. Ukiona mafaili bado yanaendelea kufungwa mbele ya macho yako, na huna mtaalamu karibu, zima mashine. Faili moja lililonusurika ni bora kuliko jingine lililofungwa.

2. Waambie wa nyumbani. Kama mashine nyingine zinatumia intaneti hiyohiyo, zikaguliwe. Usianze kwa kutafuta mkosaji.

3. Piga picha ile barua kwa simu yako. Weka nakala ya barua na mafaili mawili matatu yaliyofungwa. Huo ni ushahidi, na ndio utakaotumika kuvitambua virusi.

4. Tumia kompyuta nyingine iliyo safi kutafuta jina la virusi. Kuna mpango uitwao No More Ransom, ulioanzishwa mwezi Julai 2016 na Polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Ulaya liitwalo Europol, na makampuni mawili ya kinga ya kompyuta. Unapeleka barua na faili lililofungwa, nao wanakuambia kama ufunguo umekwisha kupatikana. Huduma hiyo ni ya bure. Yeyote anayekuambia ulipe kwanza ili akupe ufunguo wa hakika, mwogope.

5. Usikubali mashine ifutwe kabla mafaili yaliyofungwa hayajanakiliwa kwenye diski ya pembeni. Fundi wangu alitaka "kupiga Windows" upya palepale. Angefanya hivyo, nisingekuwa na la kuwaambia leo. Mafaili yaliyofungwa leo yaweza kufunguliwa kesho. Vita dhidi ya CryptoLocker vilimalizika mwaka 2014 kwa funguo kukamatwa, na mwezi wa Agosti mwaka huo walioathiriwa wakaanza kufunguliwa mafaili yao bure. Aliyekuwa ametupa mafaili yake hakufaidi kitu.

6. Baada ya kunakili, ndipo ifutwe kabisa na kuwekwa Windows mpya ya halali. Usiridhike na kuondoa virusi peke yake, maana virusi vya jamii hii aghalabu huja na mwenzao anayeiba maneno ya siri.

7. Kwa sababu hiyo, badilisha maneno yako yote ya siri kwa kutumia chombo kingine: ya barua pepe kwanza, kisha ya benki, kisha mengine yote.

8. Toa taarifa polisi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kitendo hiki ni kosa la jinai. Kama kulikuwa na kazi ya ofisini, mwambie mkuu wako siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na rasimu mbili za ofisi katika mashine ile. Kumwambia mkuu wangu kulikuwa kugumu kuliko kulala na njaa, lakini nilimwambia. Mficha uchi hazai.

Je, tulipe?

Nakiri kwamba nilifikiri kulipa. Nilikuwa na siku tatu, na fedha zile ningeweza kuzikopa. Mjumbe mmoja wa kamati, kwa wema wake, alishauri tutoe katika mfuko wa chama. Tulikaa usiku mmoja tukajadili, tukaamua tusilipe. Nitawaambia kwa nini.

Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna anayekuhakikishia chochote. Mwezi Juni mwaka 2017 vilienea virusi viitwavyo NotPetya. Vilidai dola 300, na watu wakalipa. Kumbe virusi vile havikutengenezwa kwa namna ya kuweza kurudisha kitu. Vilitengenezwa kuharibu, na madai ya fedha yalikuwa kifuniko tu. Waliolipa hawakupata ufunguo, kwa kuwa haukuwako.

Sababu ya pili ni kwamba kila anayelipa anamlipia mshahara mwizi, ili kesho aende kwa jirani. Tungewezaje kuchukua ada za wanachama, zilizokusanywa kwa ajili ya maktaba ya vijana hawa, tukampelekea mtu wa namna hiyo? Simlaumu mtu aliyelipa akiwa katika dhiki kubwa kuliko yetu. Nasema tu kwamba sisi tulikuwa na hiari, nasi tukachagua.

Kilichookolewa na kilichopotea

Tulitafuta ufunguo, tukakosa. Virusi vile, vikishindwa kuwasiliana na bwana wao, hutumia ufunguo mmoja ulio sawa kwa watu wengi, na funguo za namna hiyo wakati mwingine hupatikana. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft pamoja na mtaalamu Michael Gillespie walitoa programu ya bure iliyofungua aina 148 za virusi hivi. Lakini vikifanikiwa kuwasiliana na bwana wao, kila mtu hupewa ufunguo wake peke yake. Na baada ya Agosti 2019 kufuli lenyewe liliimarishwa. Kompyuta yangu ilikuwa kwenye intaneti jioni ile. Ufunguo wetu ulikuwa wa peke yake.

Hapo fundi akanieleza jambo ambalo sikulijua. Ili kufanya haraka, virusi hivi havifungi faili zima. Hufunga sehemu ya mwanzo tu, kilobaiti 150 hivi, na kuacha sehemu iliyobaki jinsi ilivyokuwa. Kwa barua au picha ndogo, sehemu hiyo ndiyo faili karibu zima, kwa hiyo imekwisha. Lakini sauti ya saa nzima ni faili kubwa. Ukiukata ule mwanzo na kuutupa, iliyobaki yaweza kusikika.

Tukafanya hivyo, sauti moja baada ya nyingine. Zote 23 zilipona. Kila moja ilipoteza sekunde kumi hivi za mwanzo.

Ndugu zangu, kumbukeni tuliwaomba wazee waanze na nini. Waanze na majina yao. Sekunde kumi zile ndizo zilizochukuliwa. Na orodha ya majina ilikuwa katika faili jingine, dogo, ambalo lilifungwa lote. Tukabaki na wazee 23 wanaozungumza bila majina.

Wenzetu watatu kati ya wale wanne walikuja nyumbani kwangu, wakasikiliza, wakatambua zile walizozinasa wao, sauti 14. Mwenzetu wa nne, aliyekuwa amenasa sauti 9, alikuwa amefariki mwaka 2021. Kwa sauti zake tulikwenda kwa familia na kwa waliosoma nao. Sita zikatambuliwa. Tatu bado.

Katika zile picha 140 tumezipitisha upya 96. Wenye picha nyingine wamefariki au wamehama, na picha hazionekani. Daftari la wanachama tuliliandika tena kutokana na karatasi iliyopigwa chapa mwaka 2018, iliyokuwa katika mtoto wa meza wa Mwenyekiti. Karatasi ile hakuna aliyeikumbuka, na ndiyo iliyotufaa.

Nakala iliyo mbali

Wakubwa nao hupatwa na mambo kama haya. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark iliharibiwa na NotPetya mwaka 2017, karibu dunia nzima. Kompyuta zake maalumu zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa kama 150, nazo zilikuwa zikinakiliana. Waliona kwamba hiyo ni kinga ya kutosha. Lakini kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutwa kwa pamoja, isipokuwa moja tu huko Ghana. Kwa nini ilipona? Kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nayo ilikuwa haimo kwenye mtandao saa ile. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja alisafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyeipeleka Uingereza. Kampuni kubwa namna ile ikasimama tena kwa sababu ya nakala moja iliyokuwa imekatika.

Sisi tunaoulalamikia umeme kila siku tulitafakari habari hiyo. Nakala iliyounganishwa na mashine saa zote hufa pamoja na mashine. Nakala inayookoa ni ile iliyochomolewa. Utaratibu wa wataalamu ni huu: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na nyumba. Sasa kumbukumbu zetu ziko kwangu, ziko katika diski mbili ambazo huchomekwa mara moja kwa mwezi na kuchomolewa, moja kwa mweka hazina na moja hapa shuleni katika kabati ya Mkuu wa Shule. Na orodha imepigwa chapa kwenye karatasi. Kila miezi mitatu tunafungua mafaili machache kuhakikisha kwamba yanafunguka. Akiba haiozi, lakini sharti uikague.

Kwenu vijana

Vijana, ninyi mnazijua kompyuta kuliko sisi. Nawaomba mambo matatu.

La kwanza, acheni programu za wizi. Kama fedha hazipo, ziko programu za halali zinazotolewa bure na wenyewe, kwa mfano LibreOffice ya kuandikia nyaraka na hesabu. Anayekutaka uzime kinga ili akusaidie, hakusaidii.

La pili, mkikosea semeni mapema. Mwanangu angaliona kidirisha kile akaniita, na mimi ningalikuwa baba wa kuitwa bila kuogopwa, huenda tungaliokoa nusu ya mafaili. Hilo nawaambia ninyi, lakini nalisema zaidi kwa wazazi na walimu walio hapa.

La tatu ni ombi la leo. Baada ya chakula cha mchana, sauti tatu zisizo na majina zitasikilizwa katika maktaba. Mzee wa kwanza anaeleza jinsi alivyotembea siku mbili kuja shuleni, sanduku la mbao kichwani, na jinsi alivyolia alipoliona bweni. Wa pili anaeleza jinsi walivyousawazisha uwanja wa mpira kwa majembe, na anawataja wenzake wanane bila kujitaja mwenyewe. Wa tatu anazungumza polepole, anakohoa, na kila akimtaja mwalimu wake wa hesabu anacheka. Wazee mliokuja leo, njoni msikilize. Vijana, mkirudi likizo waulizeni babu zenu. Yeyote atakayewatambua wazee hawa atakuwa amerudisha kitu ambacho mimi nilikipoteza.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo maelezo yangu. Niko tayari kwa maswali.